Hariri ya marehemu babu yenye kalima iliyofumwa: tuigawane au ibaki nzima?

Mjukuu wa Majengo (Moshi)

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye elimu ya vitambaa na wa wenye elimu ya dini, kwa kuwa jambo nililonalo lina pande zote mbili na wanafamilia wanasubiri niwapelekee jibu.

Marehemu babu yetu alihiji zamani, enzi ambazo mahujaji wa huku kwetu walisafiri kwa meli hadi Jeddah, na alirudi na kipande cha hariri nyekundu ambacho miaka yote kimekaa ndani ya sanduku la bibi hapa Majengo, kikiwa kimekunjwa na kufungwa kwenye kanga. Bibi naye ametangulia mbele ya haki, sanduku limefunguliwa kwa ajili ya mirathi, na kitambaa hicho ndicho kitu pekee ambacho hatujakubaliana. Upana wake unakaribia mkono wa mtu mzima kutoka begani hadi kwenye ncha za vidole, na urefu wake unazidi hapo kidogo. Maandishi yake yalikuwa meupe na sasa yamekuwa na rangi ya maziwa. Yamepangwa katika mistari inayopanda na kushuka kwa pembe, mstari mpana ukifuatiwa na mwembamba. Katika mstari mpana tunasoma kalima ya shahada bila shida. Katika ule mwembamba herufi ni ndogo na zimesongamana, lakini mwalimu wa madrasa ametambua sehemu ya aya ya 144 ya Suratul Baqara, ile inayohusu kugeuzwa kwa kibla. Upande mmoja unaonekana kuwa ulikatwa kwa mkasi, na nyuzi zimeanza kuchomoka.

Baba mkubwa anapendekeza tukikate ili kila mtoto wa marehemu abaki na sehemu yake. Baba mdogo angependa kiwe guo la kufunikia jeneza hapa msikitini. Shangazi anasema kwanza kifuliwe, maana kina madoa na harufu ya sanduku. Binamu zangu wanasema hiki si chochote ila ni kitambaa cha kiwandani kama vile vinavyouzwa madukani Makka. Kabla hatujafanya jambo lisilorekebishika, naomba kujua: kitambaa cha namna hii ni kitu gani, na tukitendee vipi?

Mfumaji wa Ngarenaro (Arusha)

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu wa Moshi, na Mwenyezi Mungu awarehemu babu na bibi. Naomba mkasi uwekwe mbali, na sabuni pia, mpaka mtakapokuwa mmekigeuza kitambaa hicho na kukitazama kwa makini upande wa nyuma.

Sisi tumezoea kanga, ambayo maneno yake huchapwa juu ya nguo iliyokwisha kufumwa, kwa hiyo tukiona kitambaa chenye maandishi tunadhani maandishi yalikuja baadaye. Kwenye hariri za aina hii mambo ni tofauti. Herufi zilizaliwa pamoja na kitambaa, mshindio baada ya mshindio (mshindio ni uzi unaopita kwa upana, na mtande ni uzi unaokwenda kwa urefu), na hakuna wakati ambapo kitambaa kilikuwepo bila maneno. Zingatieni pia kwamba hili si jambo la kutarizi. Pazia la mlango wa Kaaba na ule mkanda wa maandishi ya dhahabu unaoizunguka vimetariziwa kwa sindano, kwa nyuzi za dhahabu na fedha zilizowekwa juu ya kujaza kwa pamba ili herufi ziinuke. Cha kwenu, kama ulivyokieleza, kitakuwa bapa kabisa, na ukikipitishia mkono hutasikia mwinuko wa uzi wa kushona.

Jinsi kinavyofumwa ni hivi. Ardhi nyekundu ni atlasi: nyuzi za mtande za hariri zimesongwa kwa wingi na zinapita juu ya mishindio kadhaa kabla ya kuzama, ndiyo maana uso wake unang'aa. Maandishi yanaletwa na mshindio wa pili, wa rangi nyeupe, ambao haushikwi na mtande ule mkuu bali na mtande mwingine mwembamba uliowekwa kwa kazi hiyo tu. Palipo na herufi, mshindio mweupe huja juu. Pasipo na herufi, hukaa nyuma. Katika karakana za Waothmani, watawala wa zamani wa Uturuki, hasa Bursa na Istanbul, kazi hiyo ilifanywa na watu wawili au zaidi kwenye kitanda kimoja cha kufumia. Mfumaji alirusha mshindio, na msaidizi wake alivuta kamba zilizofungwa kwa mpangilio wa nakshi, akiinua nyuzi fulani za mtande kwa kila mstari mmoja wa mchoro. Umbo la herufi lilikuwa limekwisha kufungwa ndani ya kamba hizo kabla mshindio wa kwanza haujapita. Mtu aliyezifunga alilazimika kujua khati, yaani sanaa ya mwandiko wa Kiarabu, na kujua hesabu ya nyuzi kwa pamoja, na mimi huona hiyo ni elimu kubwa mno ambayo majina ya wenye nayo hatukuachiwa.

Ipo shida moja ambayo wafumaji wa nakshi za maua hawakuwa nayo. Ua ukiligeuza upande wa pili linabaki ua, kwa hiyo mafundi wengi hufunga nusu tu ya nakshi na nusu nyingine inajitokeza yenyewe ikiwa imegeuzwa. Ukifanya hivyo kwa maandishi, nusu ya maneno itasomeka kinyumenyume. Zipo hariri za kale zenye khati ya Kufi, mwandiko wa kale wenye herufi za pembepembe, ambazo maneno yake yamegeuzwa hivyo hivyo, upande mmoja unasomeka na mwingine hausomeki. Aliyetaka kalima isomeke katika pembe inayopanda na katika pembe inayoshuka ilimbidi afunge mchoro mzima, na kazi ya kamba ikaongezeka sana. Tazameni basi pande zote mbili za kila pembe katika kitambaa chenu. Kama kalima inasomeka sawasawa kote, mnaangalia kazi ya mtu aliyekubali mzigo huo ili neno la Mungu lisipinduliwe.

Kuhusu asili yake, aya uliyoitaja inaendana na jambo linalojulikana. Katika zama za Waothmani, nguo nyeusi ya nje ya Kaaba ilikuwa ikitengenezwa Misri, na tangu zama za Muhammad Ali, mtawala wa Misri, ilifanyiwa kazi katika nyumba maalumu mtaa wa al-Khurunfish, Cairo. Nguo za ndani ya Kaaba pamoja na zile za hujra ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yaani chumba chenye kaburi lake huko Madina, zilifumwa Uturuki, nyingi zikiwa nyekundu au kijani na maandishi meupe ya khati ya thuluthi katika mistari hiyo ya pembe. Ile aya ya kibla hupatikana kwenye nguo za ndani ya Kaaba, na kwenye nguo za Madina na za makaburi ya watu wema huonekana zaidi aya ya kumswalia Mtume, ya 56 ya Suratul Ahzab. Nguo zilipobadilishwa, za zamani zilikatwa na vipande vikawafikia mahujaji. Leo baadhi vimo katika jumba la Topkapi, Istanbul, na katika makumbusho ya London na New York. Hata hivyo aya peke yake haitoshi kuthibitisha, kwa sababu anayetengeneza nakala hunakili na aya.

Fanyeni basi haya. Chukueni uzi mmoja ambao umekwisha kuchomoka wenyewe kwenye ule ukingo uliokatwa, msivute mwingine, na muuchome ukiwa umeshikwa kwa kibano mbali na kitambaa. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua na jivu lake husagika kwa vidole. Nyuzi za plastiki huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Pimeni pia upana kutoka ukingo hadi ukingo, mtafute ule ukingo ambao mshindio unageuka kurudi, maana vitambaa vizito vya Waothmani kwa kawaida vilifumwa kwa upana wa takriban sentimita 65 hadi 70.

Binti Kaloleni (Arusha)

Ndugu Mfumaji, nimekusoma kwa makini na nakushukuru, ila naona umeharakisha kumzuia baba mkubwa wa ndugu yetu. Wewe mwenyewe umesema kwamba nguo hizo zilikatwa na kugawiwa mahujaji. Babu yao asingepata kipande hicho kama mtu asingekata. Kugawana kitambaa kilichogusa Nyumba Tukufu ni desturi ya Waislamu kwa karne nyingi, na wazee wetu waliona fahari kuwa na japo kipande cha ukubwa wa kiganja. Kwa nini leo kukata kuonekane ni uharibifu? Watoto wa marehemu wote wana haki, na kitambaa kikibaki kwa mmoja, wengine watabaki na hadithi tu.

Ustadhi wa Pasua (Moshi)

Bismillah. Dada wa Kaloleni amesema kweli kuhusu desturi, na ni vizuri tuijue vyema. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa akiivua nguo ya Kaaba kila mwaka na kuwagawia mahujaji. Imepokewa vilevile kwamba Shayba bin Uthman, ambaye ukoo wake ndio wenye funguo za Kaaba mpaka leo, alikuwa akichimba mashimo na kuzizika nguo zilizovuliwa kwa kuchelea zisivaliwe na mtu asiye tohara. Mama wa waumini Aisha hakulipenda jambo hilo, akamwelekeza aziuze na thamani yake aitoe katika njia ya Mwenyezi Mungu na kwa masikini, na akabainisha kuwa nguo ikishavuliwa kwenye Kaaba haina tatizo kuvaliwa hata na mwanamke aliye katika hedhi. Kwa hiyo umiliki wa babu yenu ni halali kwa misingi inayojulikana, na kukata peke yake si haramu.

Lakini tofautisheni hukumu ya kitambaa na hukumu ya maandishi. Simulizi hizo ni za zama za mwanzo, na hoja ilikuwa ni nguo iliyoifunika Nyumba. Kitambaa chenu kina Qur'ani na kina jina la Mwenyezi Mungu, na hilo lina adabu zake. Imamu an-Nawawi ameeleza kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza ingawa si haramu, kunakshi Qur'ani na majina ya Mwenyezi Mungu kwenye kuta na kwenye nguo, na sababu mojawapo ni hiyohiyo tunayoiona hapa, kwamba maneno huenda yakaishia mahali pasipoyastahiki. Mkikata, mkasi utapita katikati ya lafdhi ya Jalala, yaani jina "Allah", na vipande vidogo vitakwenda kwenye nyumba ambazo hamtazisimamia. Baada ya miaka, mjukuu asiyejua atakitumia kufutia vumbi. Kwa hiyo mimi simwambii baba mkubwa kwamba ametaka haramu. Namwambia kwamba amani ya kitambaa ni kubwa zaidi kikibaki kizima chini ya mtu mmoja anayejulikana.

Kuhusu guo la jeneza, yapo mambo mawili yanayochanganywa. Kumzika maiti na kitambaa chenye Qur'ani hakufai. Imamu Ibn as-Salah alitoa fatwa ya kukataza kuandika Qur'ani kwenye sanda kwa sababu ya najisi zinazotoka mwilini. Kufunika jeneza kwa nje na kisha kuliondoa guo kabla ya kushusha maiti ni jambo jingine, na ndivyo misikiti yetu inavyofanya na yale maguo ya kijani. Hata hivyo guo la jeneza hubebwa juani, hunyeshewa na mvua na hukamatwa na mikono ya kila aliyehudhuria. Hariri ya umri huo haitastahimili, na kwa jeneza la mwanamume ningependa pia msiingie katika mjadala wa hariri wakati guo la pamba lipo na linatosha.

Naongeza jambo ambalo hamkuliuliza ila nachelea litafuata: msikifanye mswala. Kwanza maandishi hayakanyagwi. Pili, wanaume wa umma huu wamekatazwa kuvaa hariri, isipokuwa kiasi kidogo cha upana wa vidole viwili, vitatu au vinne kama ilivyo katika hadithi ya Umar, na imepokewa kutoka kwa Hudhayfa katazo la kuikalia pia.

Katika mirathi, kitu kisichogawanyika bila kuharibika kina njia zake zinazofahamika. Warithi wanaweza kubaki washirika ndani yake, kila mmoja kwa fungu lake. Wanaweza kukikadiria thamani, mmoja akakichukua na kuwafidia wenzake. Wanaweza kukiuza na kugawana pesa. Au wote kwa ridhaa yao wanaweza kukifanya wakfu. Kinachotakiwa ni ridhaa ya kila mrithi, akiwemo shangazi, ambaye fungu lake ni haki aliyopewa na Mola wake na halipungui kwa kuwa yeye ni mwanamke.

Mjukuu wa Majengo (Moshi)

Ustadhi wangu, Mwenyezi Mungu akulipe kheri, na ndugu zangu wote. Nimesoma majibu yenu mbele ya familia baada ya sala ya Isha.

Uzi uliochomoka ulinuka nywele zilizoungua, na jivu lilisagika likawa unga. Nyuma ya kitambaa nyekundu imefifia, na ule uzi mweupe unapita kwa mistari mirefu iliyolegea kila mahali ambapo mbele hakuna herufi, kama Mfumaji alivyoeleza. Kalima inasomeka kwenye pembe inayopanda na kwenye inayoshuka. Kuna ukingo mmoja tu ambao mshindio unageuka, kwa hiyo upana wa asili hatuujui. Binamu zangu wamenyamaza, na baba mkubwa alikishika kwa muda mrefu kisha akasema yeye hakati tena.

Shangazi bado anasisitiza juu ya kufua. Madoa ni ya kahawia, yako kwenye mikunjo, na kwenye mikunjo hiyo hiyo hariri nyekundu imeanza kupasuka. Naomba mwongozo juu ya hilo na juu ya namna ya kukihifadhi, kwa sababu hapa Moshi wakati wa masika kila kitu ndani ya sanduku hushika unyevu.

Mhifadhi wa Vitu vya Kale (Arusha)

Ndugu Mjukuu, naomba umfikishie shangazi salamu zangu za heshima na umwambie kwamba nia yake ni njema, lakini maji ndiyo yatakayokimaliza kitambaa hicho. Rangi nyekundu za zamani huachia zikilowa, na zikiachia zitaingia kwenye herufi nyeupe na hazitatoka. Hariri kongwe ikilowa pia hupoteza nguvu nyingi, na pale ilipopasuka itaachana kwa uzito wake yenyewe. Pasi nayo isikaribie. Harufu itapungua kikiwekwa chumbani penye hewa, kikiwa kimelala juu ya shuka safi, mbali na dirisha na mbali na jiko. Vumbi mnaweza kuliondoa kwa brashi laini sana, mkipitisha kwa kufuata uelekeo wa nyuzi, na mahali palipopasuka msipapitie kabisa.

Mikunjo ndiyo adui aliyekwisha kufanya kazi yake. Uzi wa hariri uliokunjwa mahali palepale kwa miongo mingi huvunjika palepale, na kwenye atlasi mtande ndio unaokatika kwanza kwa kuwa ndio ulio juu, kisha mishindio inabaki ikining'inia bila kushikwa. Kwa hiyo kisikunjwe tena. Tafuteni bomba la karatasi ngumu, lile ambalo maduka ya vitambaa hubaki nalo baada ya jora kuisha, lenye unene wa kutosha. Lifunikeni kwa tabaka la kitambaa safi cha pamba, kisha mviringishe hariri kuanzia ule upande ulio mzima, maandishi yakitazama nje, huku mkiweka kitambaa kingine cha pamba kati ya mzunguko na mzunguko. Vikiwa tayari, funikeni vyote kwa pamba tena na mfunge kwa utepe mpana bila kukaza. Msitumie mfuko wa plastiki, kwa sababu wakati wa masika utafungia unyevu ndani na ukungu utaota. Vidonge vya kufukuzia nondo visigusane na kitambaa. Ni bora kukifungua na kukikagua baada ya kila masika kuliko kukiacha na dawa kali bila kukitazama.

Mwanga nao msiudharau. Fremu ya ukutani yenye kioo inapendeza, lakini sebule yenye dirisha la mashariki itakipausha kitambaa ndani ya miaka michache, na kioo kinachogusa hariri hushika jasho. Kama familia inataka kila nyumba iwe na kumbukumbu, pigeni picha nzuri kwa mwanga wa mchana usio wa jua la moja kwa moja, mbele na nyuma, pamoja na picha za karibu za herufi, kisha kila mtoto wa marehemu apewe picha iliyochapwa kwa ukubwa anaoutaka. Andikeni pia kwenye karatasi kila mnachokijua: nani alikileta, alihiji takriban lini, nani alikitunza. Karatasi hiyo ikae pamoja na bomba. Kitambaa kisicho na maelezo yake hupotelea mikononi mwa wafanyabiashara, na mimi nimeona vingi vikienda hivyo.

Binti Kaloleni (Arusha)

Nimeelewa hoja ya Ustadhi kuhusu maandishi, na naona tofauti yake na nguo za zama za mwanzo. Naomba kuuliza jambo moja kwa Mfumaji: je, nguo ya Kaaba ya leo bado inafumwa maandishi kwa namna hiyo, au sasa yote ni ya kutarizi? Katika picha naona mkanda wa dhahabu tu, na kwingine kote ni nyeusi tupu.

Mfumaji wa Ngarenaro (Arusha)

Dada yangu, pale panapoonekana peusi patupu pamejaa maandishi. Mwili wote wa nguo umefumwa kwa hariri nyeusi juu ya nyeusi, na ndani yake kuna shahada, "Ya Allah", na tasbihi za "Subhanallah wa bihamdihi", zikiwa zimepangwa katika mistari ileile ya pembe ambayo ndugu yetu ameieleza. Herufi na ardhi yake zina rangi moja; kinachozitenganisha ni mfumo wa nyuzi tu, kwani sehemu moja hung'aa na nyingine hufifia, kwa hiyo husomeka kwa anayesimama karibu na kwa pembe ya mwanga. Mfalme Abdulaziz wa Saudi Arabia alianzisha kiwanda cha nguo hiyo Makka mwaka 1927, nguo za kutoka Misri zikakoma kabisa mwaka 1962, na sasa mashine za kompyuta ndizo zinazofanya kazi ya yule mvuta kamba. Mkanda wa dhahabu, wenye upana wa sentimita 95 na urefu wa mita 47, bado hutariziwa kwa mikono ya mafundi.

Mjukuu wa Majengo (Moshi)

Tumekubaliana kwa ridhaa ya wote kwamba kitambaa kibaki cha ushirika na kitunzwe na shangazi, kwa kuwa nyumba yake haina unyevu kama hii, na picha zitachapwa kwa kila mmoja. Bomba nimelipata kwenye duka la vitambaa hapa mjini. Limebaki swali dogo: ni pamba ya aina gani inafaa, maana dukani wananipa iliyotiwa rangi au yenye mchanganyiko?

Mhifadhi wa Vitu vya Kale (Arusha)

Omba marekani, ile nguo ya pamba tupu isiyotiwa rangi wala kupaushwa. Ikiwa mpya huwa na wanga wa kiwandani unaovuta wadudu, kwa hiyo ichemsheni kwa maji matupu, mbadilishe maji mpaka yabaki safi, na muianike hadi ikauke kabisa kabla haijagusa hariri.